Kufuli kwenye Ua wa Minyaa

Kufuli lile nililibeba kutoka Dar es Salaam ndani ya soksi. Safari ya treni ilichukua siku mbili, na kila tuliposimama nililigusa juu ya kitambaa cha mfuko kuhakikisha kwamba lipo. Kisha nikaanza kujiuliza kama abiria wenzangu wameniona nikiligusa, na kama kwa kufanya hivyo nimewaonyesha lilipo. Nikaacha kuligusa. Baadaye nikaogopa kwamba mtu anayeacha ghafla kugusa mfuko wake ndiye anayetiliwa shaka zaidi. Ndivyo nilivyofika Shinyanga, nimechoka kama niliyekuja kwa miguu.

Lilikuwa kufuli la shaba, zito, lenye funguo mbili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni yenyewe ilikuwa ya kuitafuta, na kufuli jipya halikuwa kitu cha kuonekana kila siku. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na barua ilikuwa imeshanielekeza niripoti Geita, katika idara ya mipango, likizo ikiisha. Nilikuwa na wiki nne za kukaa nyumbani, katika kijiji chetu nje kidogo ya Tinde, na katika wiki hizo nilitaka kutimiza jambo moja tu: kumweka mama yangu katika usalama, ili niweze kuondoka.

Baba alikuwa amefariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Dada zangu wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja Bukombe, mwingine upande wa Mhunze. Mama alibaki peke yake na ng'ombe wanne, ndama mmoja, na nyumba ya bati yenye jiko la nyasi uani. Chuoni nilikuwa nikisikia habari za nyumbani kutoka kwa kila aliyepita: ng'ombe wa fulani wameswagwa mchana kweupe, duka la fulani limevunjwa, bunduki zimebaki mikononi mwa watu tangu vita viishe. Nilikuwa nasoma mstari mmoja wa kitabu mara tano, kumbe niko uani kwetu nahesabu mahali ambapo mwizi anaweza kupita.

Nilipokuwa mdogo, katikati ya miaka ya sitini, sikumbuki kuhesabu hivyo. Tulikaa kwenye mji wetu wa zamani, yaani boma letu wenyewe, mbali na barabara, umezungushiwa minyaa, ile miti isiyo na majani ya maana, ambayo ukivunja kijiti chake kinatoa maziwa meupe. Tulionywa tusiicheze, kwa kuwa maziwa yale yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Langoni palikuwa na nguzo mbili, na katikati yake baba alilaza miti mitatu kila jioni. Miti ile ilizuia ng'ombe wasitoke. Kuhusu watu haikuwa na habari. Asubuhi, kabla hatujanawa uso, jirani alikuwa ameshaivuka na kigae mkononi, amekuja kuomba kaa la moto.

Baadaye serikali ikatuhamishia kwenye kijiji cha nyumba za mistari, karibu na barabara. Tukapata majirani wapya, tukapanda minyaa mipya, na mama, bila kumuuliza mtu, akaacha mwanya kati ya ua wetu na wa jirani, upana wa mtu mmoja aliyebeba ndoo. Mwanya huo ndio ulionikosesha usingizi chuoni kuliko kitu kingine chochote.

Wiki ya kwanza niliifanyia kazi hofu yangu kwa bidii. Niliziba mwanya kwa miiba, nikachomeka vijiti vya minyaa juu yake. Nilimwita fundi akatengeneza lango la mbao, nami nikachukua mnyororo wa jembe la ng'ombe la marehemu baba, nikaupitisha kwenye mbao na kwenye nguzo, nikafunga kufuli. Mnyororo ulikuwa mrefu wa kutosha kufungwa ukiwa ndani au ukiwa nje. Nilijisifu kwa hilo.

Mama alisimama akiangalia, mikono nyuma.

"Sasa mimi nikitaka kwenda kisimani?"

"Nitakufungulia, mama."

"Na ukienda Geita?"

"Ufunguo mmoja ni wako."

"Na aliye nje akitaka kuja kwangu?"

"Atabisha hodi."

Alifikiri kidogo. "Nikiwa siwezi kuitika?"

Nilimwambia kwamba huko ni kuwaza mabaya. Mimi, ambaye sikuwa nikiwaza kitu kingine.

Kesho yake asubuhi mke wa jirani alikuja na kigae chake, akaukuta mwanya umezibwa, akazunguka mpaka langoni. Mimi nilikuwa nikitafuta funguo. Nilikuwa nimezificha, kisha nimebadilisha mahali pa kuzificha.

"Mwangaluka, dada!" alisalimia kutoka nje. "Kumbe siku hizi moto unaombwa kwa karani?"

"Mwangaluka," mama alijibu. "Subiri, anakuja na ofisi yake."

"Au mmefuga fisi humo ndani, mnaogopa asitoke?"

Alicheka, nami nikacheka. Mama hakucheka. Nilimwona akitazama chini, akaondoa jani moja kwenye khanga yake ambalo halikuwepo. Nililiona hilo na sikulielewa, na kwa mtu anayejidai kuchunguza kila kitu, hilo bado linaniuma. Kwetu mtu akisema unafuga fisi, hasemi habari za mnyama. Wachawi ndio husemwa wanafuga fisi. Na mjane wa umri wa mama, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka arobaini, halafu anajifungia lango mchana, watu hawamwulizi mwanawe kasoma nini huko chuoni. Wanaulizana anaficha nini. Jirani alitania tu, kwa sababu alimpenda. Lakini mama alijua neno la namna hiyo likitoka kwa anayekupenda, kwa asiyekupenda limeshapita. Wenyeji wa huko wanajua yaliyowapata wanawake wazee waliosemwa hivyo. Sitaki kuyaandika.

Siku iliyofuata jirani hakuja kuomba moto. Wala siku ya tatu. Nilihesabu hayo kuwa mafanikio. Niliandika hata kwenye daftari langu: wanaoingia na kutoka wamepungua.

Wiki ya pili nilikwenda Tinde kuulizia basi la kwenda Geita. Mama alikuwa na homa iliyokuwa ikielekea kuisha, akasema atabaki, akaange karanga kidogo, apumzike. Nikafunga lango kwa nje. Funguo zote mbili nilikuwa nazo mfukoni, kwenye pete moja. Siku ile nilikuwa na sababu nzuri kabisa: ufunguo wa mama alikuwa anautundika kwenye msumari, na mtu akichungulia kwenye minyaa angeuona, basi mpaka nimtafutie kamba ya kuuvaa shingoni, heri zote zikae pamoja mahali salama. Mahali salama palikuwa suruali yangu, na suruali yangu ilikuwa inakwenda Tinde.

Nilipokuwa narudi, saa saba hivi mchana, niliona moshi. Nilijiambia ni watu wanachoma shamba. Kisha nikajiambia huu si msimu wa kuchoma shamba. Kisha nikajiambia kwamba kijiji kina nyumba nyingi, kwa nini iwe yetu. Nilikuwa bado najibishana hivyo huku miguu yangu imeshaanza kukimbia yenyewe.

Upepo ulikuwa umepeperusha cheche kwenye nyasi za paa la jiko. Mama alikuwa amepiga mwano. Huo ni ukelele wa Wasukuma wa kuomba msaada, na miaka ile, sungusungu walipokuwa wameanza kulinda vijiji, sheria ilikuwa moja: anayeusikia mwano anakwenda, awe anakula, awe anaoga, awe amegombana na aliyeupiga. Majirani walikuja wote. Wakakuta mnyororo. Wakasukuma, wakapiga mbao kwa jiwe, na fundi wangu alikuwa amefanya kazi nzuri. Ndani wanamsikia mama akikohoa. Basi mume wa yule jirani akachukua panga, akaenda palepale ulipokuwa mwanya, akaanza kukata minyaa. Matawi mengine ya minyaa ya zamani ya kandoni yalikuwa juu ya kichwa chake. Alikata akiwa ameangalia juu.

Nilipofika, moto ulikuwa umezimwa. Jiko lilikuwa nguzo nne nyeusi. Mama alikuwa amekaa chini, mkono mmoja umebabuka, ndama amesimama karibu naye. Watu kama thelathini walikuwa ndani ya ua, wamepita kwenye tundu. Na mimi, mbele ya watu wote hao, tundu likiwa hatua chache kutoka nilipo, nilitoa funguo mfukoni, nikafungua kufuli, nikautoa mnyororo, nikaingia kwa lango.

 Nadhani hata nikiwa mzee nitakumbuka mlio wa mnyororo ule.

Kisha nikamsikia jirani, yule mume aliyekata minyaa. Alikuwa amelala chali kwenye kivuli cha ukuta, anauma meno, mkewe ameshika kichwa chake. Maziwa ya minyaa yalikuwa yameingia macho yote mawili. Walishayaosha kwa maji, na sasa walitaka maziwa ya mama anayenyonyesha, dawa ambayo kwetu inajulikana na kila mtu. Mnyonyeshaji alikuwepo pale pale: mke wa mtoto wao. Lakini huyo ni mkamwana, na yule ni baba mkwe. Kwa heshima ya kwetu hata kupishana njiani wanakwepana, seuze kumkamulia maziwa usoni. Nilimwona binti yule akisimama, akikaa, akisimama tena. Mwisho akaingia nyuma ya nyumba na kifuniko cha birika. Mama yangu, na mkono wake uliobabuka, akakipokea kifuniko hicho na kumdondoshea jirani machoni tone kwa tone.

"Shemeji, usiyafumbe," alimwambia.

"Siyafumbi. Yanajifumba."

"Basi yakemee."

Akacheka kwa maumivu. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya kicheko niliyoisikia uani kwetu tangu siku ya utani ule wa fisi.

Kesho yake asubuhi sungusungu walikuja wakakaa uani, pembeni ya majivu. Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye sehemu tatu. Kiongozi wao, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni, aliniuliza kwa upole, "Msomi, jana ulipita wapi kuingia?"

"Langoni."

"Kwa nini?"

Nikazipitia haraka sehemu zote tatu, hilo halikuwamo. Nikasema, "Ufunguo nilikuwa nao."

Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Kiongozi akangoja watulie.

"Mwano ukipigwa hapa ukiwa Geita, tufanye nini? Tukuandikie barua kwanza?"

"Ufunguo mmoja angebaki nao mama."

"Akiwa ameanguka nao?" Halafu akamgeukia mama, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Mayu, sheria inamlazimisha kila mtu kuja kwa mwenzake. Haimlazimishi kupoteza macho. Kufuli likibaki, sisi tutasikia mwano wako, lakini sitamtoza faini asiyekuja. Useme wewe. Mji ni wako."

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekifanya. Nilikuwa nimekuja kumlinda mama, na sasa ulinzi pekee aliokuwa nao ulikuwa umekaa mbele yake kwenye vigoda, unamwuliza kama bado anautaka. Nilimtazama. Nilitaka kumwambia asijali hisia zangu. Hakuwa akizijali hata kidogo.

"Liondoke," alisema. "Na lile tundu libaki. Jirani alilipata kwa macho yake, asizungukie tena langoni."

Adhabu yangu ilikuwa kuvuna pamba ya jirani mpaka aone vizuri. Zilibaki siku kumi na mbili za likizo, na pamba ilikuwa imefunguka shamba zima. Jirani alikaa kwenye kigoda mwisho wa mistari, kitambaa machoni, anisimamie kwa masikio.

"Sikusikii, mwanangu. Unachuma au unasali?"

"Nachuma, baba."

"Basi unachuma kama mtu anayeomba samahani. Pamba haijakukasirikia."

Nilimwomba samahani siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Siku ya nne akaniambia, "Hiyo umeshanipa. Nipe maji."

Siku moja nikamwuliza swali lililokuwa likinisumbua kuliko yote. "Wakija na bunduki je?"

"Wakija na bunduki, kufuli lako litafanya nini? Litawajibu?"

"Na ninyi mtafanya nini?"

Akakikaza kitambaa machoni. "Tutaogopa," alisema. "Mwaka juzi walikuja kwa yule wa bondeni. Tulikwenda wote, na ng'ombe walichukuliwa, na mtu mmoja akapigwa risasi ya paja. Sikudanganyi. Lakini kesho yake yule bwana alikuwa na watu sitini uani kwake. Mtu akiwa na watu sitini uani, usiku unaofuata analala." Akanyoosha mkono kutafuta kibuyu cha maji. "Wewe unatafuta mahali ambapo mtu haogopi kabisa. Ukipapata huko Geita, niandikie."

Nililifikiria jibu hilo mistari miwili mizima, nikilitafutia kasoro. Kasoro zilikuwepo. Watu sitini wanaweza kuamka siku moja wakaamini neno baya juu ya mtu, na hapo ua usio na kufuli unakuwa hatari nyingine. Sikumwambia hivyo. Lakini niliona pia kwamba neno baya hukua pale watu wanapoacha kuingia, na mimi ndiye niliyekuwa nimewazuia kwa siku tisa.

Siku ya tisa ya kuvuna, jua likiwa kichwani, mwano ulipigwa upande wa kisimani. Sauti moja, kisha filimbi, kisha sauti nyingi. Nilisimama katikati ya mstari. Nilianza kufikiri ni nini, ni wapi, ni wangapi, mama yuko wapi.

"Nishike mkono!" jirani alifoka. "Unanisikia? Nishike mkono twende!"

Tukaenda, yeye akinivuta kwa haraka yake na mimi nikimwongoza asijikwae, kwapani nimebana gunia la pamba nililosahau kuliweka chini. Tulipotokea juu ya mwinuko nikamwona mama. Alikuwa mbele yetu kwa umbali mkubwa. Alikuwa anakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akikimbia. Khanga ameifunga kiunoni, mkono wenye kovu jipya ameubana kifuani, mkono mwingine ameshika mchi wa kutwangia, na alikuwa akijibu ule mwano kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Wanawake wengine watatu walikuwa nyuma yake, na hawakumfikia.

Huyu ndiye niliyekuwa nimemfungia.

Hawakuwa wezi. Ng'ombe wa mtu alikuwa ametumbukia kwenye kisima cha zamani, amezama mpaka shingoni, na mwenyewe alikuwa amepiga mwano kwa kukata tamaa. Kamba zilikuwa zimeshafungwa. Kiongozi mwenye filimbi alitutazama tulivyofika wa mwisho.

"Msomi! Kwenye mwano watu huja na silaha. Wewe umekuja na nini?"

Nikaangalia mikono yangu. "Nimekuja na pamba. Na baba huyu."

"Baba atafaa. Pamba weka chini."

Mama hakugeuka. Alikuwa wa tatu kwenye kamba, visigino vimezama kwenye tope. "Shika huku nyuma yangu," alisema, kama anayemwonyesha mgeni mahali pa kukaa. Nikashika. Tukavuta.

Jirani alipona jicho moja. Lile lingine lina ukungu mpaka leo. Anasema linamtosha kumtambua mtu mvivu. Siku niliyoondoka, mkewe alikuja alfajiri kupitia kwenye tundu, kigae mkononi, akamkuta mama akichochea moto katika jiko jipya tulilojengewa na wote.

"Karani yuko wapi?" aliuliza.

"Anaondoka leo. Chukua moto mwenyewe."

Alipotoka, mama aliingia ndani akarudi na soksi yangu. Nilijua uzito wake kabla sijaipokea.

"Chukua," alisema. "Huko uendako hujui mtu."

Nilitaka kumwuliza kama hataogopa. Badala yake nikamwamkia na kuagana naye, nikapita kwenye tundu kwa sababu lilikuwa karibu na barabara, nimeinamisha kichwa na kuyafumba macho.

Sasa ni mwaka wangu wa pili Geita. Nimepanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, mji uliojaa wachimbaji wa dhahabu na wanunuzi wao, na kila mlango una kufuli, hata wangu. Funguo zote mbili bado ziko kwenye pete moja. Mama wa chumba cha pili ana watoto wadogo na sauti kubwa, na nimeshafikiria mara nyingi kumwachia mmoja. Juzi nilifika hadi mlangoni kwake nikarudi, nikiwaza atadhani nina maana gani. Leo asubuhi, mkaa wangu ulipokataa kushika, nilichukua kifuniko cha sufuria, nikaenda kumwomba moto.